Makaa ya mawe kwa kila kichwa: Poland na Ujerumani, wiki ya tatu

Mradi huu chanzo chake ni malori. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei, malori ya makaa ya mawe kutoka Ruvuma yalikuwa hayaishi kwenye barabara ya Mtwara, na shehena nyingine zikapakiwa meli hadi Ulaya. Nikajiuliza, huko yanakokwenda mtu mmoja anamaliza kiasi gani kwa mwaka? Nikachagua Ujerumani na Poland, nchi mbili zinazoongoza Umoja wa Ulaya kwa matumizi ya makaa, nikashika mwaka huohuo wa 2022.

Wiki ya kwanza mambo yalikuwa mepesi mno, nami sikushtuka. Nilichukua tani zote nikagawa kwa idadi ya watu. Ujerumani, tani milioni 171 hivi kwa watu milioni 84: tani 2 kwa kila kichwa. Poland, tani milioni 115 kwa watu karibu milioni 38: tani 3. Nikachora chati, nikamrushia rafiki yangu fundi mitambo. Jibu lake lilikuwa maneno mawili: "Makaa yapi?"

Wiki ya pili yote ikaishia hapo. Katika zile tani milioni 171, kama milioni 131 ni makaa ya kahawia. Wajerumani huyaita Braunkohle, na huyachimba kwenye mashimo ya wazi kama Garzweiler na Hambach. Karibu nusu ya uzito wake ni maji, kwa hiyo kuyasafirisha mbali ni hasara tupu. Mtambo wa umeme hujengwa jirani na shimo. Poland nao wanayo, tani milioni 55 hivi, na mengi huchomwa Bełchatów, mtambo mkubwa kuliko yote ya makaa barani Ulaya. Kilo moja ya kahawia hutoa kama megajuli 9 (megajuli ni kipimo cha joto), kilo ya makaa meusi, yale magumu na makavu zaidi, kama 25. Mimi nilikuwa nimepima kuni mbichi na mkaa kwenye gunia moja. Mama ntilie yeyote angenicheka.

Nikafungua safu mbili, kahawia na meusi, nikazidisha kila moja kwa joto lake, ndipo nikagawa kwa watu. Ujerumani: gigajuli 26 kwa kila mtu (gigajuli moja ni megajuli 1,000). Poland: 52. Nilitegemea masahihisho yatazisogeza nchi hizi karibu, kumbe pengo la mara moja na nusu limekuwa mara mbili! Tani nyingi za Mjerumani zilikuwa maji. (Wastani wa joto nimetumia mmoja kwa nchi zote mbili. Makaa ya Poland ni hafifu kidogo, hivyo 52 itashuka nikipata muda.)

Wiki hii nimekuwa nikiyafuatilia makaa meusi: Poland tani milioni 60 hivi, Ujerumani 40 tu, ingawa watu wake ni zaidi ya mara mbili. Ujerumani ilifunga mgodi wake wa mwisho wa makaa meusi, Prosper-Haniel mjini Bottrop, Desemba 2018; sasa yote hununuliwa nje. Poland bado wanachimba Silesia, eneo la kusini mwa nchi, na makubaliano ya 2021 kati ya serikali na vyama vya wachimbaji yanaipeleka migodi hiyo hadi 2049. Ila kilichonifumbua macho ni majiko ya majumbani. Huko familia nyingi hupasha nyumba joto kwa makaa, na moshi wa baridi ulikithiri hadi jiji la Kraków likapiga marufuku kuchoma makaa na kuni kuanzia Septemba 2019. Chati yangu ya kwanza ilichukulia kwamba makaa ni umeme na basi.

Jana nimemtumia fundi chati mpya. Safari hii hakuuliza yapi. Kauliza: "Na umeme waliouza nje je?" Mwaka huo Ujerumani iliuza umeme mwingi kuliko ilioununua. Nimefungua safu nyingine.