Kupakata udi bila kuubebesha mkono wa kushoto

Kila anayekuja kwangu hapa Mwanza kujifunza udi, ile ala ya nyuzi, nampa jaribio moja kabla hajapiga uzi wowote: akae, aupakate udi kama alivyozoea, kisha auondoe kabisa mkono wa kushoto. Mara nyingi shingo ya udi huinama papo hapo, au tumbo lake huporomoka mapajani, na hapo hubainika kwamba mkono uliotakiwa kutafuta sauti ulikuwa umegeuzwa mchukuzi.

Ugumu unatokana na umbo. Gitaa lina kiuno kinachokaa juu ya paja, ilhali mgongo wa udi ni wa mviringo, umeundwa kwa vipande vyembamba vya mbao vilivyogandishwa ubavu kwa ubavu, na hauna pembe ya kuushikilia. Isitoshe, shingo yake haina vigawanyo, yaani vile vipande vinavyokata shingo ya gitaa kuonyesha mahali pa kubana uzi, hivyo kidole kikikosea mahali pake hata kidogo, sauti hutoka nje ya makamu, yaani mpangilio wa sauti ambao wimbo unaufuata. Mkono uliolemewa na uzito hauwezi kulenga kwa usahihi huo.

Nashikilia kwamba uzito wa udi ubebwe na paja la kulia na kifua, huku mkono wa kulia, kuanzia kiwikoni hadi karibu na kifundo, ukilalia ukingo na kuubana udi mwilini bila nguvu nyingi, ili kiganja kibaki huru kuichezesha risha, kile kijiti cha kupigia nyuzi. Uso wa udi usimame wima. Anayeanza hupenda kuulaza ili aone vidole vyake, na kwa kufanya hivyo huupa mgongo nafasi ya kuteleza mbele.

Wengi hukunja nne ili kuliinua paja. Sikubaliani na mtindo huo kwa anayepiga muda mrefu, kwa kuwa mguu hufa ganzi na kiuno hupinda. Kibao kifupi chini ya mguu wa kulia kinatosha. Mavazi nayo yana neno. Mwanafunzi mmoja wa Igoma alikuwa akija na suruali ya kitambaa laini, na udi ukawa unasogea kidogo kidogo, naye akiufuata kwa bega la kushoto bila kujijua, hata wimbo ukiisha bega limekaribia sikio. Tulipolaza juu ya paja kipande cha ngozi laini, ile ya kufutia magari, bega lilishuka lenyewe.

Luti ya Ulaya, ambayo asili yake ni udi, ina tatizo hilo hilo. Mwaka 1676 Mwingereza Thomas Mace aliandika kwamba mpigaji akae mezani na kuegemeza ukingo wa luti kwenye meza. Siku hizi baadhi ya wapigaji hufunga mkanda kutoka kichwani hadi kitakoni mwa ala, wengine wakiupitisha chini ya paja. Huku kwetu kandokando ya ziwa, Wajaluo walilimaliza suala hili kwa namna ninayoistahi sana: nyatiti, ala yao ya nyuzi, hukaa chini, mpigaji hukaa kando yake juu ya kigoda, mikono yote miwili iko kwenye nyuzi, na dole gumba la mguu lililovishwa pete ya chuma hugonga mdundo kwenye ala yenyewe.

Kwa udi, mkanda naushauri hasa kwa anayepiga akiwa amesimama. Aliyekaa akiutumia, aulegeze kiasi kwamba usivute shingo juu, kisha arudie lile jaribio la kuondoa mkono.