Roxane Gizani

Nilipewa nafasi ya Roxane kwa sababu nilikuwa nashika mistari haraka, wala si kwa uzuri. Tulikuwa sekondari, Bukavu, na mwalimu wetu wa Kifaransa alikuwa ameipunguza Cyrano de Bergerac, tamthilia ya Edmond Rostand ya 1897, kwani yote ingetukesha. Christian akawa kijana ambaye wasichana wa madarasa yote walijua anapita njia gani kurudi kwao. Cyrano, mwenye pua kubwa na anayempenda Roxane kimoyomoyo, akawa mwembamba mmoja mwenye sauti nzito. Tukambandika pua ya magazeti na gundi ya unga wa muhogo.

Kwenye mazoezi, onyesho la roshani lilinishinda. Ni usiku, Roxane yuko juu. Christian yuko chini, maneno yamemwishia. Cyrano, aliyejificha gizani, anaanza kwa kumnong'oneza, kisha anazungumza mwenyewe yaliyomjaa moyoni, na Roxane anadhani ni Christian. Mimi nilikuwa namkodolea macho yule mzuri huku namjibu mwingine. Mwalimu akafoka, "Binti, unaujibu uso! Jibu maneno!"

Siku ya wazazi umeme ukakatika, papo hapo kwenye roshani. Watu wakaguna, mmoja akawasha tochi, mwalimu akamwambia azime. Tukaendelea.

Sikuona kitu. Ilinijia sauti tu, mishororo ya mizani 12, na nikajikuta nimeinama kwenye meza tuliyoiita roshani, nachelewa kujibu ili azidi kusema. Kisha Christian akapanda. Busu lilikuwa limefutwa (wazazi!), tushikane mikono tu. Mkono ule ulioombewa na nusu ya shule niliuona wa mtu nisiyemjua.

Nadhani ndiyo maana onyesho la vitani, huko Arras, lilinitoka vizuri. Ni mwaka 1640, mji umezingirwa, na Roxane amepenya hadi kambini kumwomba Christian radhi: mwanzo alimpendea sura, sasa barua zake zimemfunza kupenda roho, hata angekuwa na sura mbaya angempenda. Anadhani anampa zawadi. Lakini barua ziliandikwa na Cyrano. Kijana wetu alisawijika kweli, kabla hajatoka kwenda kupigwa risasi.

Mama, ambaye Kifaransa chake ni cha sokoni, alielewa zaidi ya nilivyotaka. Njiani akaanza:

"Yule wa pua alimtembelea Roxane, mjane wa yule mzuri, huko kwa watawa kila Jumamosi, miaka 14, na asiseme?"

"Alikuwa anamstahi marehemu, Mama."

"Na mwanamke, nani alimstahi? Wanaume wawili walikaa wakapanga apende nini."

"Lakini alimpenda kweli!"

"Sijakataa. Angemwambia, basi, achague."

Nilimtetea Cyrano hadi tukafika Kadutu. Siku hizi nikiisoma tena tamthilia ile, namwelewa zaidi Mama.