Jumla limbikizi na fremu usiyoiandika

Chukua jedwali la malipo lenye mistari minne: 1 Machi sh. 500, 2 Machi sh. 300, 2 Machi tena sh. 200, na 3 Machi sh. 100. Unataka salio lipande mstari kwa mstari, kwa hiyo unaandika:

SUM(kiasi) OVER (ORDER BY tarehe)

PostgreSQL, mfumo wa hifadhidata unaotumia SQL, inakurudishia 500, 1000, 1000, 1100. Ile 800 uliyoitegemea haipo. Hiyo si hitilafu, ndivyo kanuni za SQL zinavyotaka: ukiweka ORDER BY bila kutaja fremu, yaani mistari ipi ihesabiwe kwa kila mstari, unapewa RANGE, kuanzia mwanzo hadi mstari wa sasa, na kwa RANGE mistari inayolingana kwenye safu ya kupangia huingia pamoja. Malipo yote mawili ya tarehe 2 yanajumlishwa kwa mpigo. Data ya majaribio mara nyingi haina tarehe zinazogongana, ndiyo maana kasoro hii hujitokeza mfumo ukishaanza kutumika.

Dawa yake ni ROWS, inayohesabu mstari mmoja mmoja tangu mwanzo:

SUM(kiasi) OVER (ORDER BY tarehe, id ROWS UNBOUNDED PRECEDING)

Hiyo id, namba ya kipekee ya kila mstari, usiiache. Bila id, ROWS inaweza kukupa 800 leo na 700 kesho, kutegemea malipo yapi yametangulia kusomwa.

LAST_VALUE, inayotoa thamani ya mwisho kwenye fremu, inasumbua kwa sababu hiyo hiyo: fremu inakomea mstari wa sasa. Ama uiongeze hadi UNBOUNDED FOLLOWING (mstari wa mwisho kabisa), ama utumie FIRST_VALUE na kupanga kwa DESC (kushuka), njia ninayoipenda zaidi. Ila PostgreSQL ikipanga kwa DESC hutanguliza NULL (nafasi isiyo na thamani), kwa hiyo ongeza NULLS LAST.

Fanksheni za dirisha, yaani hizi zenye OVER, hazikubaliki kwenye WHERE, sehemu ya kuchuja mistari, maana hukokotolewa baada ya WHERE, GROUP BY na HAVING. Weka hesabu kwenye kweri (ombi la data) ya ndani, uchuje kwenye ile ya nje. Sharti la "kuanzia 2 Machi" likikaa ndani, zile 500 za mwanzo zinaondolewa kabla ya kujumlishwa na salio lote linakuwa pungufu. Likikaa nje, jibu ni sahihi lakini jedwali zima linakokotolewa kwanza. PostgreSQL hulisukuma sharti ndani yenyewe pale tu linapohusu safu iliyo kwenye PARTITION BY, inayogawa mistari katika makundi.

COUNT(DISTINCT mteja) OVER, ya kuhesabu wateja tofauti, nayo PostgreSQL inaikataa katakata. Kokotoa DENSE_RANK (namba za nafasi zisizoruka) kwa mteja ndani, kisha MAX yake nje. Kumbuka DENSE_RANK huipa NULL namba yake, ilhali COUNT huiruka: malipo yasiyo na mteja yataongeza hesabu kwa moja.