Mbuzi walituonyesha maji yalikokuwa yanapotelea

Rasimu yangu ya kwanza ya kuomba mkopo ilirudi mezani na swali moja la mkurugenzi, kwa kalamu nyekundu: "Maji tunayosukuma tunamuuzia nani?"

Mimi ni mhasibu wa mamlaka ndogo ya maji huku Dodoma. Nilikuwa nimeandika kurasa nyingi kuhusu mabomba chakavu na kina mama wanaokesha kwenye vilula. Yote kweli tupu. Lakini Mfuko wa Taifa wa Maji, uliopo chini ya Sheria Na. 5 ya 2019, hutoa ruzuku na pia mikopo, na sisi tulikuwa tunataka mkopo. Mkopo hurudishwa kwa ankara. Na mfuko wenyewe hupata sehemu ya fedha kwenye tozo ya shilingi 50 kwa kila lita ya petroli na dizeli, kwa hiyo hata bodaboda wa pale stendi amechangia. Kuomba hela hiyo bila hesabu safi niliona ni dhambi.

Nikalinganisha dira kuu ya kisimani na ankara za miezi sita. Karibu nusu ya maji hayakuwa na mnunuzi.

"Mwanangu," mzee wetu wa pampu akaniambia, "jioni tenki limejaa, alfajiri limeshuka. Twende usiku."

Saa nane usiku tukafika kwenye dira ya tenki. Mji mzima umelala, ila kale kagurudumu kekundu ndani ya kioo kanazunguka mbio. Tukafunga valvu za mitaa, moja baada ya nyingine. Tulipofunga ya upande wa korongo, kakasimama. Kulipokucha tukashuka huko. Septemba, nchi yote kahawia, na mbuzi wamejazana kwenye kijisehemu kimoja cha majani mabichi. Tukachimba. Kiungo cha bomba kilikuwa kimeachia, sijui tangu lini.

Tulikiziba kwa fedha zetu wenyewe kabla ya kuomba chochote. Rasimu ya pili ikawa fupi: dira mpya kwa wateja, umeme wa jua kisimani badala ya jenereta, na marejesho yatoke kwenye dizeli tusiyonunua tena. Nikaambatanisha stakabadhi za dizeli na daftari la usomaji wa usiku.

Mkopo ulipitishwa. Rejesho la kwanza nimelipeleka benki mwenyewe, siku mbili kabla ya tarehe.