Siku ya Wauguzi, chuo kimefungwa: siku yangu moja Muheza

Saa 10 alfajiri. Mama ananigongea mlango, daku tayari: wali na maharage ya nazi. Ni Ramadhani, Mei 12, 2020, Siku ya Wauguzi Duniani. Mwaka huu wenyewe Shirika la Afya Duniani limeutangaza kuwa wa wauguzi na wakunga, kwa kutimia miaka 200 tangu azaliwe Florence Nightingale. Mimi nasoma mwaka wa pili, stashahada ya uuguzi na ukunga. Vyuo vilifungwa katikati ya Machi kwa ajili ya korona, wakati darasa letu likijiandaa kuingia wodi ya wazazi.

Saa 12 asubuhi. Nikishaswali silali tena, maana nyumba bado imetulia. Leo nachora patografu, chati ya kufuatilia uchungu wa mama anayejifungua. Kitini tulichotumiwa ni picha ya simu isiyosomeka, kwa hiyo nimechukua daftari la hesabu la mdogo wangu, lile la viboksi. Kwa rula na penseli naanza: mlango wa kizazi ukifunguka sentimita 4, mstari wa tahadhari unaanzia hapo na kupanda sentimita moja kila saa mpaka 10. Mstari wa kuchukua hatua uko kulia kwake, saa 4 mbele. Mapigo ya moyo wa mtoto yanaandikwa kila nusu saa. Najitungia mama, mimba ya kwanza, kisha naweka alama moja moja mpaka nione mahali uchungu unapoanza kukwama. Nikisoma kwa macho tu inapotea. Nikiichora, inakaa.

Saa 3. Shambani na baba, machungwa. Huku nachuma, huku napiga hesabu za dripu: lita moja kwa saa 8, mpira wa dripu wa matone 20 kwa mililita, ni kama matone 42 kwa dakika.

Saa 7 mchana. Dada mmoja wa jirani ananisubiri barazani. Ana mimba ya miezi saba na kliniki hajaenda, anaogopa kuambukizwa. "Nesi, si nikae tu nyumbani mpaka yapite?" Moyo unaniuma, maana najua hayuko peke yake. Namwambia: vaa barakoa, nawa mikono, kaa mbali kidogo na wenzio kwenye foleni, lakini kliniki nenda. Kichwa kikiuma sana, macho yakiona ukungu, uso na mikono ikivimba, au ukiona damu, usingoje tarehe ya kadi. Ananiuliza kama nina kipimo cha presha. Sina. Namwahidi kumsindikiza kesho asubuhi.

Saa 9. Mdogo wangu ndiye mgonjwa wangu. Namshika kifundo cha mkono kama nahesabu mapigo, kumbe natazama kifua: mtu akijua unahesabu pumzi zake, hubadilisha. Haya nyumbani yanawezekana. Kupapasa tumbo la mjamzito kujua kichwa kimelala wapi hayawezekani. Mkono hujifunza kwa mama halisi, na mkunga mzoefu akiwa pembeni. Tukirudi, naomba sana tusifupishiwe muda wa wodini ili ratiba iende sawa. Atakayelipia muda huo ni mama mwenye uchungu.

Saa 12 na robo jioni. Futari: uji, muhogo, tambi.

Saa 3 usiku. Baada ya tarawehe tunakutana WhatsApp, wale wenye bando. Chuo kilituma mafaili kikanyamaza, na kutuma faili si kufundisha. Kwa hiyo tumegawana mada: kila usiku mmoja anaongoza kwa sauti fupi fupi, wengine wanauliza. Mwenzetu mmoja aliyeko kijijini Kilindi ana kitochi, hapati sauti wala picha. Yeye namwandikia muhtasari kwa meseji za kawaida, naye hujibu kwa maswali makali kuliko yetu sote.

Leo ameuliza: mtoto akishazaliwa, kabla ya kumchoma mama uniti 10 za oksitosini, dawa ya kukaza kizazi, unahakikisha nini? Kundi zima likakaa kimya, mpaka mmoja akajibu: kwamba tumboni hamna pacha. Kesho mada ni kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua, na zamu ni yangu. Nimeshaomba ruhusa ya kutokwenda shambani, nipate muda wa kuiandaa nikitoka kliniki.