Kwenye mnyoofu nilikuwa bingwa

Jana nimeshinda kutwa nzima Laguna Seca, uwanja wa mbio za magari kule California, na gari langu, Mustang GT. Injini ya V8, yaani silinda nane, ya lita 5.0, nguvu za farasi 460, mngurumo unausikia mpaka tumboni. Kwenye mnyoofu nikamwacha jamaa mwenye Porsche Cayman S, farasi 350 tu. Nikajiona dereva!

Basi tukafika kona ya 8, ile Corkscrew. Unakata kushoto huoni mbele, mara barabara inazama kama mita 18. Gari langu linakaribia kilo 1,700, lake halifiki 1,400, na kwenye kona wepesi ndio mpango. Kutupa jicho kwenye kioo, jamaa kaniganda mkiani, katulia kama paka! Mimi viganja vimelowa jasho. Nikatoa mkono dirishani, nikamwonyesha apite.

Kuliuza, lakini? Thubutu.