Waya wa ardhi kwenye mtambo wangu wa kukeneka mchaichai

Jumamosi moja ya mwezi wa Februari, kiangazi kikiwa kimekaza hapa Jinja, jirani yetu Mama Zaituni aliingia uani kwetu kuchukua chupa yake ya maji ya mchaichai. Akapeleka mkono kwenye bomba la shaba linalotoka juu ya mtambo wangu wa kukeneka, akaurudisha haraka. "Baba Salim, chombo chako kinauma," aliniambia. Nilimjibu kwamba bomba lina moto, kwa kuwa mvuke hupita humo. Akanikatalia. "Moto naujua, baba. Hiki kimeniingia mpaka kwenye kiwiko."

Nilizima umeme papo hapo, na kwa wiki tatu zilizofuata sikuuwasha tena mtambo ule. Nimeamua kuandika niliyojifunza katika wiki hizo kwa sababu mitambo ya aina hii inaongezeka katika nyua zetu, mingi ikiwa imechomelewa na mafundi wazuri wa vyuma ambao kazi yao huishia kwenye chuma, na kwa sababu kosa nililolifanya mimi ni kosa ambalo mtu anaweza kulifanya huku akiamini kwamba amejikinga kikamilifu.

Neno kukeneka likitajwa Uganda, wengi hufikiria waragi. Pombe hiyo iliwekewa sheria ya Enguli katika miaka ya 1960, iliyomtaka mtengenezaji awe na leseni, na mvuke wake una hatari nyingine ya kushika moto ambayo nitaigusa baadaye. Mimi hukeneka mafuta ya majani: mchaichai zaidi, na mara mojamoja mkaratusi. Mtambo wenyewe ni pipa la chuma cha pua la lita 100, lenye wavu ndani, majani juu ya wavu na maji lita 40 chini yake. Ndani ya maji hayo imelala koili ya hita ya wati 3,000. Maji yakianza na nyuzi 21, koili hiyo huyafikisha kwenye kuchemka, ambako katika mwinuko wetu wa Jinja ni kama nyuzi 96, kwa muda wa zaidi ya saa moja. Mvuke hupanda, hubeba mafuta, huingia kwenye bomba la shaba lililozungushwa ndani ya ndoo ya maji baridi, kisha hutona.

Umeme wetu ni wa volti 240, kwa hiyo wati 3,000 ni mkondo wa ampea 12 na nusu. Mkondo huo una njia moja tu halali: uingie kwa waya wa moto, upite ndani ya koili, utoke kwa niutro, yaani waya wa kurudishia. Koili imejengwa ili kuulinda mpaka huo: waya mwembamba unaopata moto uko katikati, unga mweupe wa oksidi ya magnesi umeuzunguka kama kizio, yaani kitu kisichopitisha umeme, na ala ya chuma imefunika yote. Ala hiyo ndiyo inayogusana na maji. Ikipata ufa, kwa sababu ya kutu, au magadi ya maji yaliyoganda juu yake, au kwa sababu siku moja maji yalikauka na koili ikawaka hewani, umeme hupata njia ya kuingia kwenye maji, kutoka hapo hadi kwenye pipa, na kutoka kwenye pipa hadi kwa mtu wa kwanza atakayeligusa akiwa amesimama peku kwenye sakafu yenye unyevu.

Koili yangu ilikuwa na ufa wa namna hiyo, mfupi kuliko punje ya mchele, karibu na mahali inapopinda. Lakini ufa huo ulikuwa nusu ya habari tu. Nilipoifungua soketi ya ukutani, ile ya matundu matatu tunayoitumia sote, nilikuta waya mwekundu na waya mweusi vimefungwa vizuri mahali pake, na kwenye nafasi ya tatu, ile ya waya wa ardhi, hapakuwa na waya wowote. Skurubu yake ilikuwa bado inang'aa kama ilivyotoka dukani, na buibui alikuwa ametandaza utando kati yake na ukuta. Plagi yangu ilikuwa na pini tatu, kebo yangu ilikuwa na nyaya tatu, nami mwenyewe nilikuwa nimeufunga waya wa kijani na njano kwenye pipa kwa mkono wangu. Na waya huo wote ulikuwa hauendi popote.

Hatua yangu ya kwanza ilikuwa ile ambayo wengi wangeichukua. Nilinunua fimbo ya ardhi, chuma kilichopakwa shaba chenye urefu wa mita 1.2, nikaipigilia nyuma ya banda, nikavuta waya hadi kwenye pipa, nikaona kazi imekwisha. Kama ningeishia hapo, ningekuwa nimejidanganya vibaya kuliko mwanzo, na hapa ndipo ninapomwomba msomaji awe na subira nami kidogo.

Fundi mwenye kibali cha Mamlaka ya Udhibiti wa Umeme alikuja na kipimo cha ardhi, akapima fimbo yangu. Udongo ulikuwa mkavu na wenye changarawe, na upinzani ulikuwa omu 62. Alichukua kalamu akaandika ukutani mwa banda, kwa maandishi ambayo sijayafuta: 240 gawa kwa 62, chini ya 4. Maana yake ni kwamba hata kama waya wa moto ungelala wazi kabisa juu ya pipa, mkondo ambao ungekwenda ardhini kupitia fimbo ile usingefika ampea 4. Fyuzi ya plagi ni ya ampea 13. Breka ya soketi zangu ni ya ampea 16, na ili ikate kwa mshtuko mmoja inahitaji mkondo unaozidi ampea 48. Kwa hiyo fyuzi isingeungua, breka isingeshuka, koili ingeendelea kuchemsha maji kama kawaida, na pipa lingekaa na volti zaidi ya 200 mchana kutwa, likimsubiri mtu. "Mzee, fimbo peke yake haikati umeme," aliniambia. "Inakupa njia tu. Lazima awepo wa kuutazama mkondo unaopita kwenye njia hiyo."

Huyo wa kuutazama ni kifaa ambacho mafundi wote wa hapa hukiita RCD. Waya wa moto na niutro hupita pamoja ndani yake, nacho hulinganisha mkondo unaokwenda na unaorudi. Vikilingana, hutulia. Kukiwa na upungufu, yaani kuna umeme uliokwenda na haukurudi kwa njia yake, hukata. Kile cha kulinda watu hukata tofauti ikifika miliampea 30, yaani sehemu ndogo sana ya ampea moja, na hufanya hivyo ndani ya theluthi ya sekunde au chini ya hapo. Mwanadamu huanza kuhisi umeme kwenye miliampea 1 hivi. Kwenye 10 na kuendelea, misuli ya mkono inaweza kukaza hata ashindwe kuachia alichokishika. Kuanzia 30 pumzi na mapigo ya moyo huwa hatarini kadiri muda unavyosogea. Breka ya ampea 16 huruhusu miliampea 16,000 bila kulalamika. Breka imewekwa kulinda nyaya zisiungue, na hakuna aliyeiunda kwa ajili ya moyo wa mtu.

Fimbo ile ile niliyoidharau huwa ya thamani kubwa mara RCD inapokuwepo. Miliampea 30 zikipita kwenye omu 62, pipa hupanda volti zisizofika 2 kabla umeme haujakatwa, na hakuna mkono unaoweza kuhisi volti 2. Uvujaji ukianza usiku wakati hakuna mtu, kifaa hukata hata kabla ya mtu kuligusa pipa. RCD bila waya wa ardhi ingekata pia, lakini ingesubiri mtu awe ndiyo njia ya ardhini: angepigwa kwanza, ndipo ikate. Ndiyo maana sikubali tena mtu anaponiambia achague kimoja kwa kuwa fedha hazitoshi. Baadaye tuliongeza fimbo ya pili umbali wa mita 3 kutoka ya kwanza, upinzani ukashuka hadi omu 34, na bado 240 gawa kwa 34 ni ampea 7 tu.

Kulikuwa na ushauri mwingine niliopewa mapema na kijana aliyenipita njiani: niunganishe kituo cha ardhi na niutro humo humo ndani ya soketi, nisihangaike na fimbo. Tafadhali, asiufuate mtu. Siku niutro itakapolegea kwenye mita au kukatika nguzoni, mkondo utapita kwenye koili, utafika kwenye niutro isiyo na pa kwenda, na kupitia kiungo hicho utalijaza pipa volti 240. Tena ikiwa aliyefunga soketi alibadilisha nyaya kwa bahati mbaya, pipa litakuwa na umeme tangu siku ya kwanza.

Jambo lililonishangaza zaidi lilikuwa kifuniko. Nilikuwa nimefunga waya wa ardhi kwenye pipa, nikadhani chuma chote kimeungana, kwa kuwa macho huona chombo kimoja. Lakini kati ya pipa na kifuniko kuna mpira wa silikoni, na juu ya mpira huo mimi hupaka donge la unga ili mvuke usitoroke. Nilipoweka ncha moja ya mita kwenye pipa na nyingine kwenye bomba la shaba, mita haikuonyesha muunganisho wa maana. Bomba lililomuuma Mama Zaituni lisingelindwa hata kidogo na waya uliofungwa chini. Sasa pipa lina boliti yake iliyochomelewa, isiyotumika kwa kazi nyingine yoyote, na kutoka hapo waya wa milimita 4 za mraba unakwenda kwenye kifuniko, kwenye bomba, na kwenye meza ya chuma inayobeba ndoo. Mahali pa meza palipopakwa rangi nilipakwangua hadi chuma kikawa cheupe, kwa maana rangi ni kizio. Kila ninapofunga kifuniko, napima tena.

Plagi niliiacha kabisa. Ampea 12 na nusu kwa saa nne mfululizo kwenye plagi ya 13 huipasha moto, nami nilikuwa tayari na plagi moja iliyogeuka rangi ya kahawia pembeni mwa pini. Mtambo sasa una waya wake wa milimita 2.5 kutoka kwenye boksi la breka, na swichi ya hita ya ampea 20 inayokata nyaya zote mbili, iliyowekwa mbali na mahali mvuke unapotokea. Umbali huo ni muhimu zaidi kwa anayekeneka pombe kwa leseni, kwa sababu kila swichi hutoa cheche ndogo ndani yake, na mvuke wa pombe unaovuja hauhitaji cheche kubwa. Hata mafuta ya mkaratusi yakipashwa moto hushika. Kebo inayoingia kwenye koili nimeiacha ining'inie chini ya tundu lake kabla ya kupanda, ili tone la maji linaloifuata lianguke sakafuni lisiingie kwenye vituo vya nyaya.

Mvua za Machi zilipoanza, RCD ilianza kukata mara tu nilipowasha, na kwa siku mbili nilisikia ushauri wa kila namna wa kuiruka. Koili ilikuwa mpya na haikuwa na ufa. Fundi alipoipima kwa mega, kifaa cha kupimia uzima wa kizio, ilisoma chini ya nusu ya megomu (omu milioni moja), yaani kizio kilikuwa dhaifu: ule unga mweupe ndani yake ulikuwa umenyonya unyevu wa hewa kupitia ncha zake wakati mtambo ulipolala. Tuliitoa, tukaianika juani siku nzima juu ya bati, tukaipima tena jioni ikapita megomu 5, tukairudisha. Tangu siku hiyo koili hulala ndani ya nyumba, kwenye ndoo yenye kifuniko, na Mama Zaituni hunikumbusha kubonyeza kitufe cha kujaribia RCD kabla hajakubali kuipokea chupa yake.